Largo ya Kutembea, Largo ya Kusimama

"Huyu anayepuliza," mjomba akaniuliza, "atavuta pumzi saa ngapi?"

Tulikuwa sebuleni kwangu Kondele, Jumapili baada ya chakula, mabati yanalialia kwa joto la Kisumu. Mjomba alikuwa ameteremka kutoka Chavakali kwa ajili ya macho yake. Kliniki ilikuwa kesho yake asubuhi. Nikamwekea sehemu ya pili ya Simfonia ya 9 ya Antonín Dvořák, muziki mrefu wa okestra wenye sehemu nne, ile inayojulikana kama Ulimwengu Mpya, Leonard Bernstein akiongoza Israel Philharmonic, rekodi ya 1986. Niliichagua makusudi. Sehemu hiyo inaitwa Largo, yaani polepole na kwa upana, na makondakta wengi huimaliza kwa dakika 11 hadi 13. Bernstein anapita dakika 18. Nilidhani mzee wa miaka yake atapenda muziki usiomkimbiza.

Nilisahau nimekaa na nani. Mjomba aliongoza bendi ya Jeshi la Wokovu kule kwetu tangu mimi sijazaliwa mpaka meno ya mbele yalipomtoka, na mpiga koneti, ile tarumbeta fupi ya bendi, bila meno ya mbele hana kazi tena. Yeye hasikilizi kwa masikio peke yake. Wimbo ukianza, kifua chake kinajaa pamoja na cha mpulizaji, na mpulizaji asipopumua, naye hapumui. Ikabidi nisimamishe rekodi ili mzee ashushe pumzi.

Hilo neno kondakta lilimchekesha kwanza. Kwetu kondakta ni yule kijana anayening'inia mlangoni mwa matatu, anagonga bati mara moja simama, mara mbili twende. Nikamwambia kazi zenyewe hazijaachana sana: wa okestra naye hana usukani wala injini, hatoi mlio wowote, lakini gari haliondoki mpaka yeye aseme. Mjomba akasema basi huyu Bernstein ni wale wa stendi kuu, wanaokwambia gari limejaa na bado mnakaa nusu saa.

Niwaeleze kidogo wasioijua. Dvořák alikuwa Mcheki, mtoto wa muuza nyama, aliyeitwa New York mwaka 1892 kuongoza chuo cha muziki. Simfonia hii aliiandika huko, na ikapigwa mara ya kwanza Carnegie Hall mnamo Desemba 1893, Anton Seidl akiongoza. Largo inaanza na milio saba mizito, tromboni na wenzao wakibebana sauti, kama mlango mkubwa unaofunguliwa na watu wasiotaka kuamsha nyumba. Kisha nyuzi, yaani fidla na wenzake, zinatandika mkeka, na juu ya mkeka inakuja sauti moja tu. Hiyo ni koranglee, ndugu mkubwa wa obo. Kama umewahi kusikia nzumari kwenye harusi ya Pwani, basi umesikia jamaa yake wa mbali, maana zote zinalia kwa tete mbili zilizofungwa pamoja.

Katika milio hiyo saba yumo mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, na katika simfonia nzima hana kazi nyingine ila hapo na inaporudi milio hiyo baadaye kwenye Largo hiyohiyo. Noti chache, basi. Sehemu tatu zilizobaki anakaa na tuba yake mapajani. Hata matoazi yanagongwa mara moja tu, katika sehemu ya nne, tena kwa upole kiasi kwamba usipotega sikio hujui. Nilipomwambia hayo, mjomba aliuliza swali moja: "Na wanalipwa sawa na wengine?"

Lakini kilichomfanya akae wima kitini ni wimbo wenyewe. Aliujua. Nadhani nusu ya dunia inaujua bila kumjua Dvořák, kwa sababu mwaka 1922 William Arms Fisher, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliutia maneno ya Kiingereza ya mtu anayekwenda nyumbani, na tangu hapo watu wengi wameamini ni wimbo wa kale wa Wamarekani weusi. Mjomba yeye aliamini ni tenzi. Bendi ilikuwa na karatasi yake, imenakiliwa kwa kalamu, haina jina la mtunzi. Waliipiga mazikoni, na mimi mwenyewe niliipiga nikiwa koneti ya tatu, kijana wa darasa la saba niliyeazimwa suruali ya sare.

Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921, na huku Magharibi likaota mizizi hasa. Makao yake ya upande huu yako Kakamega. Ukisafiri Vihiga siku ya Jumamosi usikie koneti na dramu kubwa nyuma ya migomba, ujue kuna mtu anazikwa. Bendi hutangulia. Jeneza hufuata. Njia ya kutoka barabarani mpaka bomani ni nyembamba, huku chai, huku ua wa mtu, na ikiwa mvua imenyesha ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni.

"Wabebaji hawasubiri hisia zako," mjomba alikuwa akituambia mazoezini. Kila pigo hatua moja. Ukichelewa, watu sita wanabaki wameinua mguu mmoja na maiti begani. Ukiharakisha, wa mbele anaanguka. Kiswahili kilituwekea neno lenyewe tayari: mwendo ni wa miguu na mwendo ni wa wimbo, na mjomba hajawahi kuona sababu ya kuvitenganisha.

Sasa, Dvořák hakutuacha gizani. Kwenye maandishi yake aliweka namba juu ya Largo: mapigo 52 kwa dakika. Nikafungua programu ya metronomu kwenye simu, nikaiweka 52, nikampa mjomba ashike. Aliisikiliza kidogo ikigonga, kisha akasimama. Akachukua mkongojo. Akatoka kwenye kochi mpaka mlangoni, pigo kwa hatua, akageuka, akarudi.

"Hapo," akasema. "Hapo jeneza linakwenda."

Piga hesabu uone ajabu yake. Ukiifuata 52 kikamilifu, Largo inaisha kwa dakika 10 hivi. Maana yake karibu kila kondakta mwenye rekodi anakwenda polepole kuliko namba ya mwenye wimbo, na Bernstein anakwenda karibu nusu yake. Ila wanahistoria wa muziki husimulia kwamba Dvořák hapo mwanzo hakuiita Largo. Alikuwa ameandika jina la mwendo mwepesi zaidi, Larghetto, kisha akaja kwenye mazoezi akamsikia Seidl anavyoivuta, ikampendeza, akabadilisha neno. Kwa hiyo ugomvi wetu wa sebuleni ulianza kabla hata simfonia haijapigwa mbele ya watu, na mtunzi mwenyewe aliyumba. Alibadilisha neno, namba ikabaki. Mtu atumie ipi? Mimi kwa miaka nimekuwa wa namba.

Na nimekuwa wa namba kwa sababu ya Karel Ančerl, kondakta Mcheki. Rekodi yake na Czech Philharmonic ni ya 1961, Prague, na ndiyo niliyomwekea mjomba baada ya ile ya kwanza kumkaba. Wimbo wa koranglee umejengwa kwa kitu kidogo kinachorudiarudia: noti ndefu, fupi, ndefu. Ile fupi ndiyo kipimo changu. Kwa Ančerl inapita nyepesi, kisigino kinachogusa chini ili wayo ufuate. Kwa Bernstein ile fupi nayo imekuwa ndefu, na hizo mbili za jirani zimekuwa ndefu zaidi, hata sikio linasahau ipi ilikuwa fupi. Nyuzi za Ančerl nazo hazimwagi asali. Zinakaa chini, zinashika mwendo, zinamwacha mwenye neno aseme.

Kilichomkamata mjomba kwa Ančerl hakikuwa hicho hata. Ni pembe. Wapiga pembe wa Prague wa enzi zile walitikisa sauti kidogo, jambo ambalo wa Berlin na London wangeliona aibu. Sehemu ya kwanza ilipoita ile pembe yenye mtikisiko, mzee akageuka akanitazama kama aliyeona mtu wa kwao uwanja wa ndege. "Hawa ni wa bendi," akasema. Ndivyo tulivyofundishwa sisi: koneti isiyotetemeka kidogo haimlilii mtu.

Kuna hadithi watu hupenda kuisimulia juu ya simfonia hii, kwamba ni ya wakimbizi na waliotengana na kwao, na ili uiongoze vizuri lazima nawe uwe umepoteza nyumbani. Orodha ya makondakta inaipa nguvu. Rafael Kubelík aliondoka Czechoslovakia mwaka 1948 wakomunisti walipotwaa nchi, hakurudi kuongoza huko mpaka 1990. István Kertész aliondoka Hungaria baada ya machafuko ya 1956. Ančerl mwenyewe, Myahudi, alipitia Terezín na Auschwitz, kambi za Wanazi, akatoka hai, mke na mtoto wake wakauawa. Vifaru vya Wasovieti vilipoingia nchini mwake mwaka 1968 alikuwa nje, akaishia Toronto, akafia huko 1973.

Lakini tazama tarehe ya rekodi. Mwaka 1961 Ančerl alikuwa kwao. Alikuwa kondakta mkuu wa okestra ya taifa lake tangu 1950, akiongoza wapigaji walioujua wimbo huu kabla ya kujua kufunga viatu. Mtu aliyepoteza kila mtu wake ndiye asiyelia katika Largo. Na anayeivuta mpaka ikakaribia kusimama ni Bernstein, mzaliwa wa Massachusetts, mwenye nyumba yake, umaarufu wake na nauli ya kurudi. Kwa muda mrefu jambo hili lilikuwa hoja yangu kubwa, nikilitoa kila nilipopata mtu wa kubishana naye, na Kisumu hatuko wengi.

Kertész nitampitia haraka, si kwa dharau. Alirekodi na Vienna Philharmonic mwaka huohuo wa 1961, na kama mtu ananiomba rekodi moja ya kuanzia, ndiyo ninayompa. Ngoma za sehemu ya kwanza zinakuja na kishindo, sehemu ya nne inawaka. Largo yake ni nzuri kwa jinsi nyumba mpya ilivyo nzuri. Alikufa maji akiogelea Israeli mwaka 1973, akiwa na miaka 43 tu, mwaka uleule wa Ančerl. Kila nikiziweka hizi mbili karibu kwenye rafu nakumbuka hilo, na sijui la kulifanyia.

Arturo Toscanini namheshimu lakini sikai naye. Rekodi yake ya 1953 na NBC Symphony ilifanywa mlemle Carnegie Hall ilikopigwa mara ya kwanza, mzee ana miaka 85. Mwendo umeshikwa, hakuna anayechelewa, sauti kavu. Anaendesha kama mtu aliyeona wingu limesimama juu ya ziwa na nguo bado ziko kwenye kamba.

Kubelík ndiye niliyeanza naye, na hapa lazima nikiri aibu. Rekodi yake na Berlin Philharmonic ni ya 1972, na mimi niliipata kwa santuri, lebo ya njano ya Deutsche Grammophon, soko la Kibuye, imelala katikati ya nyimbo za Krismasi na kozi ya kujifunza Kifaransa. Nililipa shilingi 200. Muuzaji alinihakikishia haina mkwaruzo. Nikafika nyumbani, nikaiweka, na Largo ilipokaribia mwisho muziki ukakatika. Nyuzi chache zinacheza ule wimbo kwa sauti ya chini kabisa, zinafika katikati ya sentensi, kimya. Zinaanza tena. Kimya.

Nilifuta santuri kwa kitambaa cha miwani. Nilisafisha sindano kwa spiriti. Nilirudi Kibuye Jumapili iliyofuata, nikamwambia yule muuzaji maneno ambayo hakustahili, akanipa santuri nyingine ya bure ili niondoke. Ilinichukua miezi, mpaka nilipomsikia Toscanini naye anakatika palepale, kujua kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Dvořák amewapunguza wapigaji nyuzi mpaka wakabaki wachache, kila mmoja na sauti yake, na amewaandikia wimbo uwakwame kooni. Nilirudi tena sokoni kumwomba radhi. Yule ndugu hakunikumbuka hata kidogo.

Tangu siku ile hapo ndipo ninapowapimia makondakta wote: wanafanya nini na kile kimya. Ančerl hakai sana, anameza mate na kuendelea. Kubelík anakaa kidogo zaidi. Bernstein anakaa mpaka unaangalia kama simu imezima.

Nirudi kwenye swali la mjomba, maana lilikuwa zuri kuliko nilivyodhani, na jibu lake nililijua nikachelewa kulitoa. Sentensi moja ya koranglee ina mapigo manane hivi. Kwa 52 hiyo ni sekunde 9. Kwa Bernstein inakaribia sekunde 17. Mpiga koneti hapo angekuwa ameshalala chini. Lakini koranglee si koneti. Tundu la zile tete mbili ni jembamba mno, hewa inapita kidogokidogo, kwa hiyo mpigaji wa jamii ya obo haishiwi pumzi, inamzidi. Anabaki na kifua kilichojaa hewa iliyochoka, na akipata nafasi, jambo la kwanza analofanya ni kuitoa. Kuvuta ni baadaye.

Mjomba alilitafakari hilo muda mrefu, mikono juu ya mkongojo.

"Kwa hiyo anateseka kwa kushiba," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Mjomba," akanirudishia, maana sisi huitana hivyo pande zote mbili, "hiyo ni mbaya zaidi."

Jumatatu nikampeleka kliniki, wakamwekea dawa machoni, akapewa tarehe nyingine. Saa nane nikampandisha gari la Mbale, kiti cha mbele kwa sababu ya macho, na kondakta akagonga bati mara mbili hata kabla sijafunga mlango.

Usiku nikaiweka tena ile ya Bernstein, peke yangu, taa nimezima. Sikuwa natafuta kitu. Pale kwenye kimya cha nyuzi nikakumbuka jambo ambalo, nashangaa, halikunijia mchana kutwa tulipokuwa tukibishana.

Mkaza mjomba, ambaye sote tulimwita Mama, alizikwa Agosti moja ya mvua. Bendi ilikuwa yetu, wimbo ulikuwa huuhuu, na mjomba alikataa mtu mwingine aongoze. Tulianzia barabarani. Kwa hatua kama ishirini tulikwenda kwa mwendo tuliofundishwa. Kisha yeye, aliye mbele, akapunguza. Hakuonyesha kwa mkono. Alipunguza tu, na sisi nyuma yake tukalazimika kupunguza, maana utampitaje bendimasta? Noti ikawa ndefu, nikaishiwa pumzi, nikavuta katikati ya neno, kosa ambalo siku nyingine lingenipatia kofi la kisogo. Wabebaji walisimama kabisa. Wakaondoka. Wakasimama tena karibu na kisima, wamezama topeni, mmoja amebadilisha bega. Hakuna aliyesema lolote. Kutoka barabarani mpaka kaburini ni mwendo wa kutupa jiwe mara tatu, na sisi tuliupiga ule wimbo ukaisha, tukaurudia, ukaisha, tukaurudia.

Sikumpigia simu. Yeye ndiye aliyenipigia, Jumatano jioni, na mjomba hapigi simu ovyo kwa sababu ya kredo. Aliniambia macho yanaendelea vizuri. Akaniuliza kama mvua imefika Kisumu. Kisha:

"Yule wako wa dakika kumi na nane. Alikuwa amefiwa?"

Nikamwambia mkewe alikufa 1978, na rekodi ni ya 1986, kwa hiyo sidhani kama yanahusiana, ilikuwa imepita miaka minane.

Upande wa pili kukawa kimya. Nilisikia kuku, na mtu akipiga gogo kwa shoka mbali.

"Miaka minane," akasema mjomba. "Haya. Niwekee nisikie."

"Kwa simu?"

"Weka."

Nikawasha spika, nikaweka simu kando yake juu ya stuli. Milio mizito ikaanza, mmoja baada ya mwingine, kwa ule mwendo wake Bernstein. Nilihesabu. Wa tano ulipokuwa ukipanda, kredo yake ikaisha, simu ikakatika, koranglee bado haijaingia.